Naomba Hiki Kizimwe: historia ya watu na sheria wasizozipenda kwenye gemu

1/9

Wale wa siku zote mnanijua: nikiwa off, nguo zikishaanikwa, naandika historia ya kitu ambacho hakuna aliyeniuliza. Leo tunazungumzia gemu. Usikimbie. Hata kama hujawahi kucheza zaidi ya karata, hii inakuhusu, kwa sababu ukweli ni kwamba tunazungumzia sheria: nani anaziongeza, nani anaruhusiwa kuziondoa, na kwa nini mtu mzima na akili zake anakasirika akinyimwa ruhusa hiyo.

Gemu lenyewe ni Civilization VI. Lilitoka Oktoba 2016. Unapewa taifa, unaanza na mji mmoja kabla ya chuma kugunduliwa, unalipeleka hadi zama za roketi. Mimi hulicheza nikitoka zamu ya usiku, wakati mwili umechoka lakini kichwa kinakataa kulala. Nalipenda sana. Ila lina kitu kimoja kinaitwa Kongresi ya Dunia, kilichoongezwa Februari 2019 kwenye nyongeza iitwayo Gathering Storm. Ukifika zama za kati, kila baada ya zamu 30 kwa mwendo wa kawaida, shughuli zako zote zinasimamishwa, unaitwa kupiga kura. Na wanaopiga kura wengine ni mataifa ambayo pengine hujawahi hata kukutana nayo. Umejipanga, umeweka akiba, umejenga, halafu watu usiowajua wanapitisha azimio linalokuvurugia mahesabu.

Nikasema, haya, nitaingia kwenye mipangilio nikizime. Nikatafuta. Hakuna swichi. Kuna kisanduku cha kuondoa ushindi wa kidiplomasia, lakini ukiuondoa Kongresi inabaki palepale, inaendelea kukuita. Njia ya kuiepuka ndani ya gemu lenyewe ni kuchagua kanuni za zamani, zile za kabla ya nyongeza. Ukifanya hivyo umeiondoa Kongresi, na umeondoa pia mafuriko, volkano, umeme, mabadiliko ya tabianchi, na mataifa yote yaliyokuja na kifurushi hicho.

Yaani ukitaka kung'oa jino moja, wanakung'olea taya.

2/9

Najua kuna wa kusema: "Si ucheze kama lilivyo? Waliolitengeneza wanajua zaidi yako." Hoja hiyo ni ya heshima, tutaijibu. Ila kwanza twende nyuma, tuone kama hili tatizo lilianza na kompyuta.

Halikuanza na kompyuta.

Chukua sataranji. Ile iliyotoka India kupitia Uajemi na nchi za Waarabu hadi Ulaya haikuwa na malkia. Pembeni ya mfalme alikaa waziri, na waziri huyo alikuwa mnyonge: alikwenda hatua moja tu, tena ya mshazari. Tembo naye aliruka mraba mmoja kwa mshazari akatua wa pili, basi. Mchezo ulikuwa wa taratibu.

Wazungu walikuwa wameshamgeuza waziri kuwa malkia kwa jina, lakini nguvu zilibaki zilezile. Mwishoni mwa karne ya 15, Hispania na Italia, mambo yakabadilika. Malkia akapewa uwezo wa kwenda popote, mbali apendavyo, moja kwa moja au mshazari. Tembo, ambaye kwao alishakuwa askofu, naye akaachiwa mshazari wote. Mchezo uliokuwa unachukua nusu siku kupamba moto sasa unaweza kuisha kwa hatua chache.

Unadhani wote walishangilia? Waitaliano waliuita mchezo mpya kwa neno la kichaa, kama mbwa mwenye kichaa. Wafaransa wakasema ni sataranji ya malkia aliyepandwa na wazimu. Mwaka 1497 kule Salamanca, Lucena alichapa kitabu chenye mafumbo 150 ya sataranji. Baadhi ni ya kanuni mpya, baadhi ya kanuni za zamani. Yaani kwenye kitabu kimoja mlango wa mchezo wa zamani uliachwa wazi, aliyetaka kupita akapita.

Hiyo, ndugu yangu, ni swichi. Ya karatasi, lakini swichi.

3/9

Na usidhani kanuni mpya zikishashinda basi kila mtu anafuata. Ile sheria ya kumla askari anayepita pembeni akijifanya hajakuona, wachezaji wa Italia waliikataa kwa karne kadhaa. Dunia nyingine inacheza nayo, wao wameizima, na maisha yanaendelea. Waliikubali karne ya 19 ikielekea ukingoni.

Tukija karibu na leo: mwaka 1996, Bobby Fischer alitangaza huko Buenos Aires aina ya sataranji ambayo kete za mstari wa nyuma zinapangwa kwa bahati nasibu. Alichokuwa anakizima si kete. Alikuwa anazima kukariri. Alichoshwa na watu wanaoingia mchezoni na hatua 20 za kwanza wamezimeza kama dua. Mwaka 2019 Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia kuanzia 2000 hadi 2007, akapendekeza sataranji isiyo na ile hatua ya mfalme kujificha nyuma ya ngome. Hoja yake ilikuwa kwamba mfalme anajificha mapema mno na mchezo unapoa.

Ona sasa. Huyu si mtoto anayelia kwa sababu ameshindwa. Ni mtu aliyefika kilele cha mchezo huo, na anasema: jamani, kipengele hiki, naomba kizimwe tuone kutatokea nini.

Na sisi wa huku tusijifanye wageni wa jambo hili. Bao la Kiswahili, lile la mashimo 32 na kete 64, lina hatua mbili. Unaanza na namua: kila mmoja ana kete 10 ubaoni, 6 kati ya hizo kwenye nyumba, na 22 mkononi za kuingiza moja moja. Zikiisha mkononi ndipo mnaingia mtaji. Namua na sheria za nyumba zinamtoa jasho mwanafunzi. Wazee walifanyaje? Lipo bao la kujifunza. Kete zote zinapangwa ubaoni, mbili mbili kila shimo, mnaanza moja kwa moja na mtaji. Namua imezimwa.

Hakuna mzee wa barazani aliyesema mtoto anayecheza bao la kujifunza anaharibu bao. Anajua huyu yuko njiani. Na kama hatafika, basi ameshacheza.

4/9

Sasa nije kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unanikumbusha kazini.

Mwaka 1824, ofisa kijana wa Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, alikamilisha mchezo wa vita ambao baba yake aliuanzisha. Haukuwa wa kujifurahisha. Ulikuwa wa kufundishia maofisa. Ramani halisi kwa kipimo cha 1:8000, vipande vinavyowakilisha vikosi, dadu, na mwamuzi katikati. Kila zamu ilihesabiwa dakika 2 za vita. Ukipiga mizinga, mwamuzi anarusha dadu, anafungua majedwali, anatafuta umbali, anatafuta aina ya silaha, anapiga hesabu, ndipo anakwambia umeua wangapi. Jeshi likaupenda, ukasambazwa vikosini.

Miaka ikaenda, kanuni zikaongezeka. Ikafika mahali dakika 2 za vita zinachukua muda mrefu kuzihesabu kuliko kupigana kwenyewe, na maofisa wakawa wanakwepa kuwa waamuzi kwa sababu kazi ni nzito na haina shukrani. Wakati huo Prussia ilishapigana vita vya kweli, na waliorudi walijua vita inavyokuwa bila kufungua jedwali.

Mwaka 1876, Jenerali Julius von Verdy du Vernois akasema: acheni majedwali. Mwamuzi awe mtu mwenye uzoefu, asikilize pande zote mbili, aamue kwa busara yake. Mchezo huru, wakauita. Kwa pigo moja, nusu ya kitabu cha kanuni ikazimwa.

Je, alikuwa sahihi? Nusu. Mchezo ukarudi kuwa mwepesi. Lakini sasa kila kitu kilimtegemea mwamuzi: akiwa mpendeleo, imekula kwako, na huna jedwali la kumwonyesha. Jedwali linachosha, lakini lina faida moja: halijui cheo chako.

Anayefanya kazi wodini ananielewa. Fomu zinatuchosha, tunazilalamikia kila siku. Siku fomu isipokuwepo na mgonjwa akapewa dozi mara mbili, ndipo unajua fomu ilikuwa inafanya kazi gani.

Kwa hiyo usije ukaniweka kwenye kundi la wanaotaka kuzima kila kitu. Ninachouliza ni: kwa nini ilibidi azime jedwali zima? Kwa sababu hakuna aliyekuwa amempa njia ya kuzima kurasa zinazosumbua tu.

5/9

Mezani mambo yalikuwa rahisi. Mwaka 1980 Mwingereza Francis Tresham alitoa mchezo wa ubao unaoitwa Civilization, miaka 11 kabla ya ule wa kompyuta wenye jina hilohilo. Humo unabadilishana bidhaa na wenzako kwa kadi, na katikati ya kadi za bidhaa kuna kadi za majanga. Njaa, mafuriko, magonjwa ya mlipuko. Na hii ndiyo inanichekesha: kadi ya mlipuko unaweza kumsukumia mwenzako kwenye biashara, ukiwa umekunja uso kama unampa chumvi. Pia ukiwa umenunua maarifa ya tiba, mlipuko unakupunguzia makali. Mtu aliyebuni hilo aliielewa dunia.

Sasa, mezani mkiona mlipuko unawaharibia jioni, mnafanyaje? Mnaitoa kadi. Mnakubaliana, mnaiweka ndani ya boksi, mnaendelea. Swichi ni makubaliano ya waliokaa mezani.

Kompyuta ndiyo ilivuruga. Mwaka 1991 Sid Meier na Bruce Shelley wakatoa Civilization ya kompyuta. Nayo ilikuwa na majanga: tauni ikiingia mjini inapunguza watu, na kinga yake ni kujenga mfereji wa kuleta maji safi. (Manesi wenzangu, mnaona? Maji safi. 1991. Kwenye gemu.) Lakini mwamuzi sasa ni mashine. Huwezi kukaa nayo mkakubaliana. Kama aliyeandika programu hakuweka swichi, hakuna boksi la kuficha kadi.

Tangu siku hiyo mchezaji amekuwa anaomba kwa mwenye duka kitu ambacho mezani kilikuwa haki yake.

6/9

Na kuna kipindi aliombwa akasikia. Civilization IV ilitoka 2005. Nyongeza yake ya kwanza, Warlords ya 2006, ilileta mataifa vibaraka: ukimpiga mtu sana anakwenda kujificha chini ya mkubwa, na sasa unapigana na wawili. Wengi walichukia. Lakini kwenye mipangilio kulikuwa na kisanduku: weka tiki, vibaraka hakuna. Mwaka 2007 ikaja Beyond the Sword, ikaleta matukio ya bahati nasibu na ujasusi. Matukio yakawa na kisanduku chake. Ujasusi nao baadaye ukapata chake. Kila kero na swichi yake. Unanunua kifurushi kizima, unakula unachokula, mifupa unaweka pembeni.

Wenzao wa Sweden, kampuni ya Paradox, walipitia njia hiyohiyo. Gemu lao Crusader Kings II la 2012 ni la wafalme wa Ulaya na jirani zake katika zama za kati, na wapenzi wake ni watu wanaobishana kuhusu nani alirithi jimbo gani mwaka gani. Novemba ya mwaka huohuo wakaletewa nyongeza ya Sunset Invasion: Waazteki wanavuka Atlantiki kuja kuivamia Ulaya. Ilikuwa utani. Wapo waliocheka, wapo waliokasirika kweli, kwa sababu walikuwa wanacheza historia na wameletewa kisa cha kubuni sebuleni. Lakini hiyo ilikuwa rahisi: hukuinunua, au uliondoa tiki kabla ya kufungua gemu.

Baadaye wakaongeza orodha nzima ya kanuni za kuchagua kabla ya kuanza. Wamongolia waje kwa tarehe ya historia, au wakati wowote, au wasije. Waazteki waje au wasije. Mambo ya kichawi yawepo au yasiwepo. Hata yale mapatano ya kujihami, ambayo majirani wote wanaungana dhidi yako ukikua haraka, yaliyokuja 2016 na kulalamikiwa sana, yakapata swichi.

Ndiyo maana Kongresi ya 2019 iliniuma. Kampuni ileile iliyotengeneza Civilization IV ilijua kuweka visanduku. Safari hii haikuweka. Na ajabu ni kwamba mwaka uliofuata ikajifunza tena: kuanzia Mei 2020 hadi Machi 2021 ilitoa vifurushi vidogo vya New Frontier, na humo vyama vya siri, mashujaa wa ngano, makampuni makubwa, hata mizuka inayotembea, kila kimoja kilikuja na kisanduku chake. Unataka? Tiki. Hutaki? Acha.

Kongresi haikuguswa. Bado inaniita.

7/9

Sasa nijibu ile hoja ya "cheza kama lilivyo".

Wodi za wagonjwa mahututi zina mashine zinazolia mgonjwa akibadilika. Mapigo yakishuka, inalia. Hewa ikipungua, inalia. Lakini pia inalia mgonjwa akijigeuza, waya ukilegea, betri ikiwa chini. Usiku mmoja inalia mara nyingi mno. Na hili linajulikana duniani kote, lina jina lake kwenye vitabu vyetu: uchovu wa kengele. Sikio linazoea. Mwisho wake mtu anapunguza sauti ya mashine nzima, au anaizima kabisa, na siku inapolia kwa haki hakuna anayesikia.

Tunafundishwaje kutatua? Kumgombeza nesi hakutoshi. Unaweka viwango kwa kila mgonjwa, unazima mlio usio na maana kwa huyu, unauacha ulio na maana. Swichi ndogo ndogo zinailinda swichi kubwa.

Gemu nalo hivyohivyo. Mimi napenda mafuriko ya Gathering Storm. Mto unafurika, unabomoa, halafu unaacha rutuba. Kuna bwawa la kujenga. Kuna bahari inayopanda kwa sababu ya makaa uliyochoma mwenyewe miaka 100 nyuma. Hilo ni somo ambalo kitabu kingehitaji kurasa nyingi kulifundisha. Lakini kwa kuwa limefungwa kwenye furushi moja na Kongresi, mtu aliyechoka na Kongresi anatupa na somo la mto.

Kwa hiyo jibu langu: anayetaka kuzima kimoja hajamdharau mtengenezaji. Anajaribu kubaki. Anayekidharau kitu hajisumbui kutafuta swichi, anafuta gemu zima.

Ila na mimi nina sharti, na hili nililipata barazani kwa wacheza bao: mnakubaliana kabla ya kete ya kwanza. Hakuna kuzima sheria katikati kwa sababu imekugeukia. Hapo si swichi tena, hapo ni wizi.

8/9

Nimalizie na kisa kilichonifanya niandike haya yote.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa wodi ya mifupa. Tulikuwa na kijana, bado wa shule ya msingi, mguu umevunjika paja, uko kwenye mvuto. Mvuto ni wiki nyingi za kulala chali ukitazama dari. Mjomba wake alimletea tableti yenye Civilization, na ndiye aliyenifundisha. Mimi nilikuwa nasimama kitandani kwake nikimaliza kugawa dawa, namuuliza, "Hapa unafanya nini?" Ananielezea kwa uvumilivu kama mwalimu.

Alicheza na Mali tu. Mansa Musa. Nilimhadithia kwamba huyu alikuwa mtu kweli, kwamba mwaka 1324 alipita Cairo akienda kuhiji na akagawa dhahabu nyingi hadi watu wakaizungumzia miaka na miaka. Alifurahi sana kujua hakubuniwa.

Nikaona kila akianza upya, kwenye mipangilio anashusha ukali wa majanga hadi sifuri. Kipimo kinaanzia 0 hadi 4. Nikamtania: "Mfalme mzima unaogopa mvua?"

Akasema, bila kunitazama, "Ya kweli nimeshaiona, sista."

Jioni yake nikasoma faili vizuri, sehemu ile ya jinsi alivyoumia, ambayo wengi tunairuka tukishaona picha ya mfupa. Ukuta wa nyumba. Usiku. Maji. Sitaandika zaidi ya hapo, si habari yangu.

Siku mbili baadaye akaniita. Uso umebadilika. Mto umefurika kwenye mji wake, shamba limekwenda na maji. "Sista, mbona nimeweka sifuri?"

Sikujua nimjibu nini. Nilikwenda kusoma, na ndipo nikagundua kwamba sifuri ya gemu hili si sifuri. Ina maana ya machache na madogo. Haina maana ya hakuna. Njia ya kuyaondoa kabisa ilikuwa kurudi kwenye kanuni za kabla ya nyongeza. Nikamwambia kwa furaha kama nimempatia dawa. Akajaribu. Akapekua orodha ya mataifa juu hadi chini, akarudia tena.

"Mali haipo."

Kwa sababu Mali ilikuja na Gathering Storm. Kifurushi kilekile. Ukitaka kuondoa mafuriko, unamrudisha Mansa Musa dukani.

9/9

Mwisho wake alipata njia yake mwenyewe. Mali kwenye gemu hili inafaidika na jangwa: mji ukizungukwa na mchanga unapata chakula na imani zaidi. Kwa hiyo aliacha mito kabisa. Alijenga miji yake yote mbali na maji, katikati ya jangwa, mahali ambapo mchezaji mwingine asingefikiria kuweka hata kambi. Alitajirika. Ikaja dhoruba ya mchanga, ikamchafulia shamba moja. Nikamwangalia haraka. Akacheka. "Huu upepo tu, sista."

Aliondoka kwa magongo akiwa zama za viwanda.

Kwa hiyo ukinisikia nalalamikia Kongresi ya Dunia, jua mimi kwangu ni kero tu, usingizi na hasira. Lakini nyuma yangu kwenye foleni ya wanaoomba swichi kuna watu wenye sababu ambazo hawawezi kumwandikia mtengenezaji wa gemu. Waitaliano waliokataa ile sheria ya askari hawakuulizwa sababu. Mtoto wa bao la kujifunza haulizwi sababu. Kisanduku cha tiki nacho hakiulizi, na hilo ndilo zuri lake kuliko yote.

Nina ombi dogo kwako wewe unayesoma. Siku mtoto wako, mdogo wako au mwenzako akikwambia "hii sehemu mimi siitaki, tucheze bila hiyo", kabla hujamwita mwoga, mpe nafasi. Muulize kama anataka kusema. Asipotaka, itoe hiyo kadi, iweke kwenye boksi, anzeni.

Jumapili ijayo, nikijaliwa kuwa off, tutaongelea historia ya kipimajoto. Sasa nakwenda kuanua nguo, wingu limeshatanda.